Spika ya Kushoto ya Mwalimu

Mwalimu alinipigia simu Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Spika yake ya kushoto, alisema, imelala. Nikamuuliza kama imekata. "Haijakata, mwanangu. Ingekata ningejua la kufanya. Imelala." Huyu alinisomesha hesabu skuli, na hadi leo akitumia neno najua amelipima. Nikachukua multimita ya kupimia umeme, bisibisi na wembe, nikapanda ngazi zake.

Anakaa ghorofa ya juu katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, zile za mawe na chokaa ambazo ukuta mmoja unakaribia nusu mita. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na sababu iko juu ya kichwa chako: dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi boriti ndefu utakavyo. Ukumbi wa Mwalimu una upana wa mita 3 na kidogo, urefu mita 7. Amplifaya imo kwenye kidaka karibu na soketi. Spika ya kulia iko pembeni yake, waya wake mita 3. Ya kushoto iko ukuta huohuo, hatua nne tu upande wa pili, lakini baina yao upo mlango. Mlango wenyewe wa kuchonga, urithi wa upande wa mkewe, na Bi Mkubwa alishatoa hukumu mapema: waya hautapita juu ya fremu ile, wala kwenye kizingiti watu wakajikwaa. Kwa hiyo waya wa kushoto unatoka kidakani, unazunguka kuta tatu chini kwa chini nyuma ya makochi, ndipo unaifikia spika yake. Mita 17 kwa safari ya hatua nne.

Kabla ya kuniita mimi alikuwa amepata ushauri wa jirani, baharia mstaafu aliyeshuka bandari nyingi na kurudi na redio nyingi. Jirani alimwambia tatizo ni urefu kutolingana: sauti ya kulia inafika kwanza, ya kushoto inachelewa njiani, ndiyo maana inasikika dhaifu. Dawa yake, nyaya ziwe na urefu mmoja. Mwalimu akaenda Darajani, akanunua mita 17 za waya uleule dukani palepale, akaunganisha spika ya kulia, na zile mita 14 za ziada akazikunja mviringo kama jongoo na kuzificha nyuma ya kabati la vyombo. Matokeo? "Tofauti imepungua kidogo. Lakini bado imelala."

Nilianza na kusikiliza. Kwa kazi ya kupima kulia na kushoto mimi hutumia rekodi kongwe, na Zanzibar hatuhitaji kuzitafuta mbali: mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, santuri alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Zama hizo sauti ilirekodiwa njia moja tu, hakuna kulia wala kushoto. Ukiicheza leo, spika zote mbili zinapewa kitu kilekile, kwa hiyo Bi Siti lazima asimame katikati, baina ya spika mbili, pale mlangoni. Akisogea upande mmoja, ule wa pili una upungufu. Na alikuwa amesogea. Si sana, lakini ukifumba macho unamwonyesha kwa kidole: yuko kulia, karibu na fremu.

Nikabadilishana spika, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Bi Siti akabaki kulia, basi spika ni nzima. Nikaenda kwenye amplifaya, nikahamisha nyaya: ule wa kushoto nikautia tundu la kulia na wa kulia tundu la kushoto. Akabaki kulia vilevile. Amplifaya nayo haina kosa. Alibaki mshukiwa mmoja.

Nikazima, nikavua nyaya ncha zote. Mwisho wa upande wa spika nikasokota nyekundu na nyeusi pamoja ili njia ya kwenda na ya kurudi ziwe moja, na mwisho wa pili nikaweka multimita. Kwanza lakini nikagusanisha vijiti vya multimita vyenyewe: 0.3. Ukinzani huo, yaani kiasi umeme unavyozuiwa njiani, kipimo chake omu, ni wa vijiti, lazima utolewe kila mara, na ni hatua ambayo mafundi wengi tunairuka halafu tunamlaumu mteja. Waya wa kushoto ukasoma 2.9, ukitoa 0.3 inabaki omu 2.6. Ule mviringo wa nyuma ya kabati ukasoma 2.1, yaani 1.8.

Mwalimu alikuwa kishachukua kalamu. Nyaya mbili, duka moja, urefu mmoja, na hazilingani. Nikaona uso wake ukibadilika, maana hapo hoja ya jirani ilikuwa imeanza kuyumba bila mimi kusema neno.

"Inatakiwa iwe ngapi?" akauliza. Nikampa namba moja tu: shaba yenye unene wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa kama omu 0.017 kwa kila mita. Waya wake umeandikwa 2×0.5, yaani nusu milimita mraba kila uzi. Akaandika nyuma ya bahasha: 17 mara 2, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi, mara 0.017, gawa kwa 0.5. Ikatoka 1.16 hivi. Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Nimepata 1.16. Wewe umepata 1.8 kwa mmoja na 2.6 kwa mwengine. Nani mwongo hapa?"

Waongo walikuwa wawili. Wa kwanza tulimkamata kwa wembe. Nilichuna ncha, nikatoa kijinyuzi kimoja, nikakikwaruza taratibu ukingoni mwa meza karibu na dirisha. Juu wekundu wa shaba, ndani nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa aina hii umejaa madukani, mwepesi, rahisi kwa bei, na anayeuuza mara nyingi naye hajui. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule, na ndiyo 1.16 ikawa 1.8. (Usichanganye na waya wenye weupe juu na wekundu ndani. Huo ni shaba iliyopakwa bati, ni waya mzuri tu.)

Wa pili alikuwa amezikwa. Omu 0.8 za ziada upande wa kushoto haziwezi kutoka kwenye urefu, kwa sababu urefu ni uleule. Nikauliza kama waya huu umewahi kukatwa. Mwalimu akasema hapana. Bi Mkubwa, kutoka chumba cha pili, akasema ndiyo: wakati wa kupaka chokaa kabla ya Ramadhani, kijana aliukata kwa bahati mbaya pembeni, akaufunga tena na kuupaka juu yake. Mwalimu akakumbuka hapohapo kwamba spika ilianza kulala tangu Ramadhani. Aliyajua yote mawili, ila hakuwahi kuyaweka sahani moja.

Nikapapasa pembeni, nikabomoa chokaa kidogo kwa bisibisi. Kiungo kilikuwa kimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu mzunguko mmoja na nusu. Nilipoifungua tepu, ukadondoka unga. Mwingi mweupe, kidogo wa kijani. Kijani ni shaba iliyoliwa na hewa ya chumvi, jambo la kawaida kwetu sote tunaokaa pwani. Ule mweupe ndio uliotueleza kisa. Chokaa mbichi huila alumini kwa kasi, na waya huu ukishakatwa, alumini yake ya ndani imekaa wazi. Kijana wa watu aliufunga ukiwa umevuliwa shati, akauzika ndani ya adui yake. Nyuzi nyingine zilikuwa zimekatika kabisa, zinashikana kwa unga tu.

Nikakata pande zote mbili hadi nikaona nyuzi safi, nikaunga upya kwa muda, nikapima: 2.1, toa 0.3, omu 1.8. Sasa nyaya zote mbili zinalingana. Tukamrudisha Bi Siti, akaja akasimama mlangoni, katikati kabisa.

Mwalimu akapiga makofi. "Basi jirani alisema kweli! Zimelingana, na sauti imelingana."

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na wengi hufungasha zana wakaondoka. Kwa hesabu ya usawa jirani alikuwa amefuzu. Lakini angalia alichofanya. Spika hizi ni za omu 8. Ukiziunga kwa waya wa omu 1.8, karibu asilimia 18 ya volti inayotoka kwenye amplifaya inaishia ndani ya waya, inakuwa joto dogo lisilosikika. Spika ya kulia ilipokuwa na mita zake 3 ilikuwa ikipoteza chini ya asilimia 4. Mwalimu alimtwika punda mzima mzigo wa mwenzake mchovu ili waende mwendo mmoja. Wanakwenda sawa, ndiyo.

Ingekuwa ni kupungua sauti tu, ungeongeza kidogo pale kwenye kitufe, habari imekwisha. Desibeli 1.8, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, si kitu cha kugombania. Tatizo ni kwamba hiyo "omu 8" iliyoandikwa nyuma ya spika ni wastani wa heshima. Spika moja, ikipewa sauti za aina mbalimbali, ukinzani wake hupanda na kushuka: mahali fulani kwenye besi unaweza kupita omu 20, na juu kidogo ya hapo ukashuka hadi 5. Waya wenye omu 1.8 hauzikati sauti hizo sawasawa. Pale spika ina 20, waya unachukua sehemu ndogo. Pale ina 5, unachukua zaidi ya robo. Kwa hiyo noti moja ya besi inabaki na karibu nguvu zake zote na kuvuma, wakati sauti ya mwanamume anayeimba inanywea. Tena amplifaya nzuri huishika karatasi ya spika, ile inayotikisika kutoa sauti, ikiiambia nenda inakwenda, ikiiambia simama inasimama. Ukiweka ukinzani baina yao ule mshiko unalegea, na karatasi inaendelea kutikisika baada ya noti kwisha.

Maneno hayo yote Mwalimu aliyapokea kwa adabu na bila kuamini. Tukaibeba spika ya kushoto tukaiweka pembeni ya amplifaya, nikaiunga kwa kipande cha mita 2 cha waya mnene nilichokuwa nacho begini, nikacheza taarabu ya zama hizi yenye besi ya kukwaruza na kudundwa, spika ile peke yake. Kisha nikaunga tena kwa ule wa mita 17. Kisha mnene. Mara ya tatu akaninyooshea mkono nisiendelee. "Kwenye ule mrefu besi ni mzee anayeburura viatu," akasema. "Kwenye huu amevaa."

Lakini Mwalimu ni mtu wa Wete, kule Pemba, na hakuacha kunihoji. "Umeme wa Pemba unatoka Tanga," akasema, "chini ya bahari, zaidi ya kilomita 70, tangu 2010. Unafika, taa zinawaka. Leo wewe unaniambia mita 17 ndani ya nyumba yangu zinameza sauti?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu waya wa spika, na jibu lake ndilo msingi wa mambo yote. Waya haujali umebeba nguvu kiasi gani, unajali umepitisha mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, kiasi gani, na hasara inakwenda kwa mraba wa mkondo: ukiuzidisha mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Ule wa Tanga unasukumwa kwa volti 33,000. Wati 60 kwa volti hizo ni chini ya miliampia 2. Wati 60 hizohizo kwenye spika ya omu 8 ni volti kama 22, na mkondo karibu ampia 2.7. Umeme wa Pemba unasafiri mwembamba wenye msukumo mkubwa, sauti ya Mwalimu inasafiri nene bila msukumo. Mfano wa karibu zaidi uko msikitini kwake. Honi za mnarani nyingi huungwa kwa mtindo wa volti 100, kila honi na transfoma yake ndogo, ndiyo maana waya mwembamba unapanda mnara, unazunguka paa na adhana bado inatoka safi. Wati 30 kwa volti 100 ni ampia 0.3 tu. Kwenye spika ya nyumbani ya omu 8 zingekuwa karibu 2.

Akaandika kwenye bahasha, akazidisha, akanyamaza. Kwa mwalimu wa hesabu, kunyamaza ni alama ya vyema.

Dawa ilikuwa kufupisha au kunenepesha. Nilipendekeza tena kupita juu ya mlango, ingetosha mita 8, na Bi Mkubwa akajibu kwa kikohozi. Kuihamisha amplifaya katikati hakukuwezekana, katikati ni mlango. Basi tukanenepesha. Jirani alikuwa ameshapendekeza waya wa kuagizwa Dubai, wenye ncha za dhahabu, kwa bei ambayo mimi ningenunua spika nyengine. Nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikachukua waya wa kawaida wa nyumba, shaba tupu, milimita mraba 2.5, ule mafundi tunaouita waya wa soketi, nyekundu na nyeusi. Nikazisokota pamoja kwa kuzifunga kwenye drili, kipande cha mita 17 na kingine cha mita 3, bila kiungo katikati. Kwa hesabu ya bahasha mita 17 zilipaswa kutoa 0.23. Multimita ilisoma 0.5, toa 0.3, ni 0.2. Haiwezi kuona zaidi ya hapo, na sikio pia halihitaji.

Kila mita mbili niliviringisha tepu na kuandika SPIKA. Waya wa soketi uliokaa nje ya bomba lake unaweza kumdanganya fundi wa kesho akadhani ni umeme wa nyumba, au vibaya zaidi, akauunga kwenye umeme wa nyumba.

Kisha nikakosea. Katika haraka ya magharibi nikageuza nyekundu na nyeusi kwenye spika ya kushoto. Tukawasha, besi ikapotea, Bi Siti akawa hayuko katikati wala pembeni, yuko kila mahali kama harufu ya udi. Mwalimu ndiye aliyesema, "Hii sasa mbaya kuliko mwanzo." Alikuwa sahihi: karatasi moja ilikuwa ikitoka nje wakati nyengine inaingia ndani, zinafutana. Nilichukua betri ya saa ya ukutani ya volti 1.5, nikagusisha kwa nukta moja kwenye ncha za kila waya nikitazama spika: kulia ikaruka mbele, kushoto ikarudi nyuma. Nikageuza. Bi Siti akarudi mlangoni.

Kwa hiyo mwisho wa yote kushoto kuna mita 17 na kulia kuna mita 3, na tofauti baina yao ni kama desibeli 0.2. Jirani alipokuja usiku akasikiliza, akasifu, halafu akaona waya mfupi wa kulia. "Bado hazijalingana," akasema. "Ya kushoto itachelewa." Nikamwomba Mwalimu ampigie yeye hesabu. Mawimbi ya umeme hukimbia ndani ya waya kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tofauti ya mita 14 ni sehemu 70 za bilioni za sekunde, yaani ukigawa sekunde moja vipande bilioni, chukua sabini. Muda huo sauti hewani imesogea milimita 0.024, ambayo haifikii unene wa unywele. Wakati huohuo jirani alikuwa amekaa mwisho wa kochi, shibiri moja karibu zaidi na spika ya kulia, na shibiri hiyo peke yake ni ucheleweshaji mkubwa kama mara 9,000. Mwalimu akamwambia tu, "Yakhe, sogea kati."

Kwa anayetaka kujipimia, mimi hushika kanuni ya asilimia 5: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi hapo kwa kulinganisha na spika. Kwa spika ya omu 8 na shaba ya kweli, waya wa 0.5 unakutosha chini kidogo ya mita 6, wa 0.75 karibu mita 9, waya wa taa wa 1.5 mita 17, wa soketi wa 2.5 mita 29. Spika ikiwa ya omu 4 gawa kwa mbili. Ukikwaruza ukaona weupe ndani, punguza theluthi moja. Mwalimu angeweza kutumia ule wa 1.5 na ungemtosha, ila umekaa mpakani kabisa, na mimi katika nyumba ya chokaa na chumvi sipendi kukaa mpakani.

Masika yalipokwisha nilipita kumsalimia, nikapima tena. 0.6, toa 0.3. Nikavua ncha ya upande wa spika: shaba imeanza kuwa nyeusi pale inapobanwa na klipu. Nikakata sentimita moja, nikachuna upya, nikarudisha. 0.5. Mwalimu akaandika tarehe kwenye bahasha ileile na kuirudisha kidakani chini ya amplifaya.